Tarehe ya Kuzaa Kwanza, Lita Baadaye

Mjadala wa lita unachosha. Mradi wa maziwa ukifika wilaya ya Rusizi, Rwanda, swali la kwanza ni ng'ombe anatoa lita ngapi. Kituo cha kukusanyia maziwa kikitoa taarifa, ni ya lita, na hata mikebe na madumu yanayovuka mpaka wa Rusizi I kwenda Bukavu, Kongo, huhesabiwa kwa lita. Toleo hili limeandaliwa kwa imani kwamba swali hilo linaulizwa mapema mno. Ng'ombe hatoi maziwa kwa kuwa ana damu ya Friesian. Anatoa maziwa kwa kuwa amezaa, na asipozaa tena kwa wakati, hakuna pumba wala mashudu yatakayoziba pengo hilo.

Hesabu yake ni nyepesi na inauma. Mimba ya ng'ombe hukaa siku 280 hivi. Anayeshika mimba kati ya mwezi wa tatu na wa nne baada ya kuzaa atazaa tena baada ya miezi 13. Anayechelewa hadi miezi 18, jambo la kawaida kwenye mabanda ya wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki, atazaa mara nne tu wakati mwenzake amezaa mara sita. Kilele cha maziwa huja wiki chache baada ya kuzaa, kisha hushuka polepole. Kwa hiyo mwenye ng'ombe mchelewaji hukaa miezi mingi akikamua vikombe vya mwisho, ilhali majani anakata kila siku na dawa ya kupe ananunua kama jirani yake.

Lawama kwa kawaida humwangukia mhimilishaji, au mbegu aliyokuja nayo kwa pikipiki ndani ya mtungi wa nitrojeni. Mara nyingine anastahili. Mara nyingi zaidi kosa limefanyika kabla hajapigiwa simu: joto la uzazi halikuonekana kwa wakati.

Joto la ng'ombe hurudi kila siku 21 na hudumu saa 12 hadi 18, mara nyingi usiku. Kanuni inayofundishwa kila mahali, kwamba aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni na wa jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi, ilitokana na utafiti uliofanyika Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1940. Kanuni ni sahihi, ila ilizaliwa kwenye kundi. Dalili kuu ya joto ni ng'ombe kusimama tuli wenzake wanapompanda. Sasa atazamwe ng'ombe wa Mururu au Gihundwe, humu wilayani: yuko peke yake bandani, mteremko nyuma, shimo la samadi mbele. Nani ampande? Mfugaji amebakiwa na mlio, ute mwangavu unaoning'inia, kutotulia, na kupungua kwa maziwa kwa siku moja bila ugonjwa wowote.

Hiyo dalili ya mwisho ndiyo inayorudisha lita kwenye nafasi yake. Maziwa yakipimwa kwa kila ng'ombe, asubuhi na jioni, na kuandikwa, upungufu wa ghafla unaokuja takriban siku 21 baada ya ule uliopita ni taarifa ya uzazi. Yakishamiminwa kwenye tangi la kituo pamoja na ya majirani 40, taarifa hiyo imekufa. Kituo kina laktomita ya kugundua maji na kipimo cha alkoholi cha kugundua uchachu, na vyote viwili vina kazi yake, lakini haviwezi kusema ni ng'ombe yupi aliye kwenye joto wala kiwele kipi kimeanza kuugua kimyakimya. Ugonjwa wa kiwele usioonekana kwa macho hugunduliwa kwa kile kipimo cha bei nafuu cha California, kando ya ng'ombe mwenyewe, robo kwa robo ya kiwele.

Makala ya pili ya toleo hili inatetea kola za kielektroniki. Imeandikwa kwa ujuzi na inastahili kusomwa. Jarida hili halikubaliani nayo. Kola nyingi zilianzia kwenye makundi makubwa, na hugundua joto kwa kuwa ng'ombe huanza kutembea mno. Ng'ombe wa banda la hatua nne kwa tatu hana pa kutembea. Zinazopima kucheua zingeweza kufaa, lakini fedha ya kola moja ingejenga mazoea ya kupima na kuandika ambayo hayajakuwapo bado, na bila mazoea hayo kola ni pambo la shingo.

Mazoea hayo si mageni duniani. Mwaka 1895, wafugaji wa Vejen, Denmark, waliunda chama cha kwanza cha kupima maziwa ng'ombe kwa ng'ombe, wakamwajiri mtu wa kupita zizi hadi zizi na mizani na vipimo vya mafuta. Huku kwetu, huduma ya simu ya iCow ya Su Kahumbu nchini Kenya, iliyoanza kutumika 2011, ilijengwa juu ya tarehe: mfugaji anasajili siku ng'ombe alipopandishwa, na simu ya kawaida inamletea ujumbe hatua kwa hatua hadi kuzaa. Nchini Tanzania, mpango wa ADGG wa kuboresha ng'ombe wa maziwa, unaoongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, umekuwa ukikusanya kumbukumbu za mazizi ya wafugaji wadogo na kuwarudishia ushauri kwa simu. Kumbukumbu hizo ndizo zinazowezesha dume kuchaguliwa kwa kazi ya mabinti zake waliokamuliwa katika hali ya hewa na kupe wa hapa, badala ya kuchaguliwa kwa sifa za katalogi ya Ulaya.

Rwanda ina sababu moja zaidi ya kuandika tarehe, nayo ina uzito wa kipekee. Katika Girinka, mpango ulioanza 2006 na uliokwisha kugawa ng'ombe zaidi ya 400,000, ndama jike wa kwanza hupewa jirani anayesubiri. Joto la ng'ombe likipita mara mbili kwa kuwa hakuna aliyeandika, familia ya pili inasubiri siku 42 zaidi. Likipita mara sita, ni miezi minne, na mtoto wa familia hiyo anakua bila maziwa. Uzazi wa ng'ombe wa Girinka si siri ya banda moja, na mpango unaojivunia idadi ya ng'ombe waliogawiwa ungefanya haki zaidi kutangaza pia wastani wa siku kati ya kuzaa na kuzaa, wilaya kwa wilaya.

Kuhusu bonde la Bugarama, toleo hili lina makala fupi juu ya majani ya mpunga kama chakula cha mifugo. Isomwe pamoja na onyo hili: bonde hilo ni la chini na la joto kuliko karibu sehemu yoyote ya Rwanda, na Friesian anayehema kwa jua huonyesha joto lake la uzazi kwa muda mfupi zaidi na kwa udhaifu. Kivuli na maji ya kutosha ni dawa ya uzazi huko.

Kisha kuna mto Rusizi wenyewe, ulio mpakani. Kupe wa ndigana kali na mbu hawagongewi muhuri Rusizi I. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Rwanda 2018, na tena 2022, kutupa mimba kulikuwa miongoni mwa dalili zake. Brusela nayo hujitangaza hivyohivyo, na hupita kwa binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa. Mimba iliyotupwa isipoandikwa ni kengele iliyozibwa. Nchi za Maziwa Makuu zilijua zamani kwamba mto huu ni wa pamoja: umeme wa bwawa la Rusizi II unagawanywa na Rwanda, Burundi na Kongo kupitia SINELAC, na taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, IRAZ, iliwekwa Gitega kwa ajili ya nchi hizo tatu. Taarifa ya mimba zilizotupwa Kamembe, upande huu wa mto, inastahili kumfikia daktari wa mifugo wa Bukavu haraka kama umeme unavyofika. Hali ya Bukavu tangu mji huo ulipotekwa na waasi Februari 2025 imefanya jambo hilo kuwa gumu, na kwa hiyo la haraka zaidi.

Jarida hili linawaomba mameneja wa vituo vya maziwa vya Rusizi wampe kila mwanachama daftari lenye nafasi ya tarehe ya kuzaa, ya joto, ya kuhimilisha, ya kupimwa mimba na ya mimba iliyotupwa, na daftari hilo libaki nyumbani kwa mfugaji, si katika ofisi ya mradi unaoondoka baada ya miaka mitano. Daktari wa mifugo wa sekta alisome kila anapofika, hata kama ameitwa kwa kikohozi cha ndama. Wafugaji waliokwisha kuandika kwa mwaka mzima wanaombwa walete nakala kwa wahariri: kurasa za toleo lijalo zimetengwa kwa ajili ya tarehe zao.