JIWE LA NJIANI SI DENI LA DEREVA



Wako matajiri ambao gari likirudi na alama za mawe kwenye rangi, neno lao la kwanza ni kumkata dereva mshahara. Jambo hili si la haki, na kila dereva na ajue sababu.

Rangi ya gari ni nyembamba sana. Tabaka zake zote pamoja, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Jiwe likirushwa na tairi la gari lililo mbele, laweza kubandua rangi mpaka bati likaonekana. Boneti huumia kwanza. Ubavu wa chini, nyuma ya magurudumu ya mbele, hupigwa na mawe ya tairi za gari lenyewe. Katika njia ya murram, au lami mpya yenye kokoto zisizoshika bado, hakuna dereva awezaye kukwepa kila jiwe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu tajiri kukata kiasi cha kadiri kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Je, ni dereva gani aliyekusudia kupigwa na jiwe?

Lakini tukidai haki, tutimize wajibu. Usimfuate mwenzako karibu. Punguza mwendo: ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, jiwe lililo hewani hupiga kwa nguvu mara nne. Likague gari kabla ya safari na baada ya safari, uandike alama zote katika daftari, na msimamizi atie sahihi. Bila maandishi, alama za mwaka jana zitakuwa zako.

Tajiri naye ana wajibu wake. Atie mipira ya kuzuia mawe nyuma ya magurudumu, na plastiki nyembamba ing'aayo mbele ya boneti. Asidanganyike na nta; nta hung'arisha, haizuii jiwe. Tena aweke gareji mkebe mdogo wa rangi ya gari hilo. Alama mpya huoshwa, hukaushwa, kutu husuguliwa kwa msasa, hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe kidogo kidogo kwa brashi ndogo. Kazi hiyo ni rahisi. Ikiachwa, hasa Mombasa penye chumvi ya bahari, kutu hutambaa chini ya rangi nzima, na hapo ndipo gharama kubwa hutoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo nashauri wajumbe wetu, mapatano mapya yatakapojadiliwa, wadai iandikwe wazi kwamba alama za mawe ni uchakavu wa kazi, kama tairi linavyoisha. Tajiri hamkati dereva kwa tairi lililoisha. Asimkate kwa jiwe.

Umoja ni nguvu.