Kwaheri Mbili za Kikorea

KUTOKA BARAZANI
Na Zuhura Mbwana

Saa nane mchana, Januari, Ngamiani hapa Tanga. Kaskazi imetulia, bati linalia kwa joto, feni inazungusha hewa ile ile ya moto. Binti yetu amejilaza mkekani, kaunta buku kifuani, simu pembeni, anarudia neno moja: nun, nun, nun. Nikamwuliza lina maana gani.

"Theluji, mama mkubwa. Na jicho pia. Ni neno hilo hilo."

Jasho linamtiririka shingoni, naye anajifunza theluji.

Alimaliza kidato cha nne Novemba. Mwenye mtoto anakijua kipindi hicho: mtihani umekwisha, matokeo mpaka mwishoni mwa Januari, na kidato cha tano hakianzi hadi Julai. Zaidi ya nusu mwaka kijana yuko nyumbani. Wengine hupelekwa kozi ya kompyuta, wengine kwa fundi cherehani, wengi hukaa tu. Huyu asubuhi anafunga barafu za ukwaju na za ubuyu. Mchana joto likipamba moto, watoto wa mtaa wanagonga dirisha, kila mmoja na shilingi mia yake. Jioni anahesabu; nusu anaweka, nusu inakuwa bando, na usiku anapakua masomo ya Kikorea. Tangu Desemba anafanya hivyo, na hakuna aliyemtuma.

Mtaani wamempa jina, Mkorea. Wanaopita barazani wananiambia nimkataze, kwamba anapoteza muda kwa ajili ya tamthilia. Ni kweli tamthilia ndizo zilizomwingiza. Mimi mwenyewe nilikesha na Jumong enzi zake, diski moja baada ya nyingine, na sikujifunza hata kusalimia. Yeye alitaka kujua waigizaji wanasema nini kabla mtafsiri hajaweka maneno yake juu yao. Hiyo ni hamu ya mwanafunzi, na nimechoka kusikia ikichekwa.

Herufi alizimaliza kwa siku tatu. Ziliundwa ili ziweze kumalizika. Mfalme Sejong alizibuni mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, kwa kuwa watu wake walikuwa wakiandika kwa herufi za Kichina, maelfu kwa maelfu, ambazo mkulima hakuwa na umri wa kuzisoma zote. Leo za msingi ni 24 tu, konsonanti 14 na irabu 10, na umbo la konsonanti linafuata kinywa kinavyokaa: ulimi umeinuka wapi, midomo imefungwa au la. Korea Kusini tarehe 9 Oktoba ni sikukuu ya taifa, watu hawaendi kazini, kwa heshima ya herufi hizo. Sisi Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba na ngoma, kisha mtoto anarudi darasani kufundishwa hesabu kwa Kiingereza. Hilo nitaliandikia wiki yake.

Kilichomkwamisha ni sauti tatu zinazofanana. Bul ni moto. Pul ni majani. Ppul ni pembe. Mwalimu wa kwenye simu anarudia taratibu, naye anasikia neno moja mara tatu. Aliyemkwamua ni mama yangu mzazi, mwenye miaka themanini na kitu, ambaye hajawahi kuuliza Korea iko upande gani wa bahari. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Kwani wewe mjukuu wangu tembo na tembo unavitamka sawa?"

Binti akamtazama.

Bibi akatamka. Tembo la mnazi linatoka kavu. Tembo wa porini anatoka na pumzi. Paa la nyumba, kavu. Paa wa mwituni, pumzi. Wazee wa pwani wanaitenganisha pumzi hiyo bila kufikiri, ila herufi tulizofundishwa shuleni haziiandiki, na kisichoandikwa wajukuu wamekiacha. Bibi akaweka kiganja cha mjukuu mbele ya kinywa chake mwenyewe, akasema tembo, tembo, paa, paa, mpaka ngozi ya mtoto ikatambua kile sikio lilichokataa. Kisha wakarudi kwenye daftari. Bul haigongi kiganja, pul inagonga. Pembe ilichukua wiki nzima nyingine. Lakini siku ile binti yetu alijifunza sauti mbili, moja ya Seoul na moja ya nyumbani kwao, na ya nyumbani ndiyo iliyokuwa inakaribia kumpotea.

Yako na mengine. Kitabu alichopewa na rafiki yake kimeandikwa kwa Kiingereza, na kinatumia ukurasa mzima kumweleza msomaji kwa nini Mkorea hana neno moja la kumwita ndugu wa baba. Keun ni kubwa, jageun ni dogo. Kaka mkubwa wa baba ni keun-abeoji, mdogo wake ni jageun-abeoji. Yaani baba mkubwa na baba mdogo. Ukurasa ule yeye aliuruka. Na msichana hamwiti msichana aliyemzidi umri kwa jina lake tupu, anamwita dada, eonni. Kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi, na mwishoni mwa kitenzi ndipo heshima inapokaa, hivyo huwezi kufunga sentensi kabla hujaamua unayesema naye ni nani kwako. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo hashangai. Anauliza tu ni ipi ya mkubwa na ipi ya rika.

Basi kwa nini yote haya? Anataka kwenda. Hafichi, na mimi simlaumu, kwa kuwa katika nyumba hii kuondoka si habari ngeni.

Mama yake, mdogo wangu, yuko Muscat. Aliondoka 2019 na Kiarabu cha msahafu. Alijua Fatiha na sura fupi fupi, hakujua kusema "naumwa." Muscat kuna nyumba nyingi zinazozungumza Kiswahili, za watu waliotoka Unguja, aliyopangiwa yeye haikuwa mojawapo. Mwezi wa pili alishikwa na homa. Alifua na kupiga pasi siku nne na homa yake, si kwa sababu mwajiri alikataa kumpeleka hospitali, bali kwa sababu hakuwa na neno la kuomba. Kiarabu alikuja kukipata jikoni, kwa kugombezwa. Kila neno analolijua leo lina siku yake mbaya. Waliomsafirisha walikuwa na fomu ya kila kitu, picha, vipimo vya damu, alama za vidole, na hawakuwa na hata saa moja ya kumfundisha kusema nina njaa, nina homa, sijalipwa.

Kwa hiyo nikimwona binti yake mkekani na daftari kabla ya pasi ya kusafiria, kabla ya tiketi, kabla hata ya matokeo, naona jambo limewekwa katika mpango wake. Lugha kwanza. Wanaomcheka wangetafakari ni wangapi katika ukoo wao waliovuka bahari wakiwa mabubu.

Wiki iliyopita somo lilikuwa kuaga. Kikorea kina kwaheri mbili. Anayebaki humwambia anayeondoka annyeonghi gaseyo, nenda kwa amani. Anayeondoka humwambia anayebaki annyeonghi gyeseyo, kaa kwa amani. Ukikosea umemfukuza mwenyeji kwake. Ijumaa mama yake alipopiga simu, binti akamfundisha zote mbili, na mama yake akauliza yeye atumie ipi. Kimya kikapita. Binti akasema, "Wewe ndiye uliyeondoka, mama. Niambie nikae kwa amani." Akaambiwa. Niliingia ndani kutafuta kitu ambacho sikukihitaji.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike wiki hii na si nyingine. Mtu alinipigia simu akajitambulisha kuwa ni wakala. Alishasikia kwamba kwetu kuna msichana anayesoma Kikorea. Kazi ipo, akasema, kiwandani, mshahara milioni tatu kwa mwezi, viza wiki sita, na kinachotakiwa ni milioni mbili na nusu za kufungulia faili, nusu sasa na nusu viza ikitoka. Nikamwuliza mtihani wa lugha unafanyika wapi. Akasema hauna haja, wanafundishwa kule kule. Jina lake na la ofisi yake nayaacha, maana akikatika huyu yupo mwingine.

Ukweli wenyewe ni huu. Korea Kusini ina mpango wa serikali wa kuajiri wafanyakazi wa viwandani, mashambani na kwenye uvuvi, ulioanza Agosti 2004. Unaendeshwa kwa makubaliano ya serikali kwa serikali, na mwombaji hufanya mtihani wa Kikorea kwanza. Nchi zilizomo ni zaidi ya 15: Nepal, Vietnam, Indonesia, Ufilipino, Sri Lanka, Bangladesh na wenzao. Zote za Asia. Hadi ninapoandika, hakuna hata nchi moja ya Afrika. Kijana wa Kathmandu anayejaza darasa la Kikorea ana mlango mbele yake. Wa Ngamiani anayeuziwa mlango huo huo anauziwa ukuta.

Njia iliyo wazi kwetu ni ya masomo. Serikali ya Korea Kusini ina ufadhili uitwao Global Korea Scholarship, ambao mizizi yake ni ya mwaka 1967. Unalipa tiketi, ada na posho ya kila mwezi, na mwanafunzi huanza kwa mwaka mmoja wa lugha kabla ya shahada. Maombi hupitia ubalozi, ambao kwetu uko Dar es Salaam, au chuo kikuu chenyewe. Wakala hana kiti hapo. Mtihani wa lugha, TOPIK, una madaraja sita. Mwishoni mwa mwaka wa lugha lazima uwe umefika la tatu, na anayekuja tayari na la tano anauruka mwaka huo. Cheti chake kinadumu miaka miwili, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia kukifanya leo kwa mtu ambaye shahada bado anaitazama kwa mbali. Binti yetu ana kidato cha tano na cha sita mbele yake. Nilimwonyesha hesabu hiyo. Alinuna siku moja, kisha akaandika kalenda ya miaka mitatu nyuma ya mlango.

Wapo watakaosema kwa nini kumhimiza mtoto aitamani nchi ya watu. Wakorea wenyewe wanalijua jibu. Kati ya 1963 na 1977, nchi yao ikiwa bado maskini, wachimba makaa karibu 8,000 na wauguzi zaidi ya 10,000 walikwenda kufanya kazi Ujerumani Magharibi, wakituma mishahara nyumbani. Walikwenda kwa mikataba ambayo serikali yao iliweka saini. Leo taifa hilo hilo lina wazee wengi na watoto wachache. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilishuka hadi mtoto 0.72 kwa mwanamke. Wanahitaji mikono, na wanajua kuizungumzia mezani.

Mezani nasi tunakaa. Daraja la Tanzanite limejengwa kwa mkopo wao, hospitali ya Mloganzila vivyo hivyo, na treni za umeme tunazopanda kwenda Dodoma zimetoka Hyundai Rotem. Juni 2024 viongozi wa Afrika, Rais wetu akiwemo, walikutana na Wakorea kwenye mkutano wa kilele kule kwao. Kwenye vikao kama hivyo tumezoea kuomba barabara. Naiomba wizara inayoshughulikia kazi iombe pia nafasi ya vijana wetu katika mpango ule wa wafanyakazi, na pamoja nayo walimu wa lugha, mikoani, si Dar es Salaam na Dodoma tu. Tanga ina vyuo vyenye vyumba vinavyokaa vitupu miezi yote hii ya joto, na ina vijana wanaosoma sakafuni kwa bando la barafu.

Mzazi mwenzangu, ukipigiwa simu kama niliyopigiwa mimi, usijibishane. Andika namba, iulizie ofisi hiyo kwa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama ina leseni, na pesa usitoe. Kisha mpe mtoto hela ya bando.