Mvinyo wa Krismasi: bei kubwa si kipimo cha ladha

Msimu wa Krismasi unapowadia, wakazi wengi wa mijini hununua mvinyo wa kigeni kwa imani kwamba chupa ya bei kubwa ndiyo yenye ladha bora. Imani hiyo haina msingi. Sehemu ya bei hiyo ni usafirishaji na kodi, kwani kwa miaka mingi Tanzania imetoza ushuru mdogo zaidi kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini.

Kinachopaswa kuongoza uchaguzi ni chakula. Pilau na kuku wa viungo hupatana na mvinyo mweupe wa baridi, wenye utamu kidogo, kwa kuwa ukakasi wa mvinyo mwekundu huzidisha ukali wa pilipili. Nyama choma yenye mafuta ndiyo inayoumudu ukakasi huo.

Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hulima Chenin Blanc nyeupe na Makutupora nyekundu. Hata hivyo, wakulima wake wamelalamikia mara kwa mara ukosefu wa soko. Hivyo, chupa ya Dodoma mezani humpunguzia mnunuzi gharama, na humpa mkulima sababu ya kutong'oa mizabibu yake.