Hema juu ya gari, kipara kwenye tairi

Kuna homa imeingia mjini na wala hailetwi na mbu. Ukitaka kuiona, simama Jumamosi asubuhi pale Mwenge. Litapita gari limevaa kama linakwenda vitani: bampa la chuma, winchi, bomba la kuvutia hewa limepanda hadi kwenye paa, taa za LED mstari mzima juu ya kioo, madumu mawili ubavuni, na juu kabisa hema limekunjwa kama godoro la bweni. Muulize mwenyewe limeshafika wapi. Bagamoyo. Tena kwa lami.

Jamani, sina ugomvi na mtu kupamba gari lake. Pesa yake, jasho lake. Ugomvi wangu ni na hili wazo ambalo sisi vijana wa mjini tumeanza kulimeza bila kutafuna, kwamba huwezi kwenda kuiona nchi yako mwenyewe kwa gari mpaka kwanza uhamishe duka zima ulibebe kichwani. Wengi wanaoliamini hawaendi popote, wanasubiri vifaa vitimie. Na wale wachache wanaokwenda, baadhi yao wanakwenda na gari lililobebeshwa hadi limekuwa jeneza lenye taa nzuri.

Nisiwafiche, nina maslahi katika hili. Mimi na binamu yangu tunamiliki kwa ubia Prado ya mwaka 1998, lile umbo la zamani, injini ya dizeli ya 1KZ. Tumechanga miezi 14 tukafikisha shilingi 4,500,000 za kuliandaa kwa safari ya Katavi kiangazi. Binamu anataka hema la juu ya paa. "Kaka, gari bila hema juu ni gari la kwenda sokoni," ndivyo anavyonijibu kila nikifungua mdomo. Mimi nasema hapana, na hii ndiyo kesi yangu. Yeye hana pa kuandika, atajiju.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Dar kwenda Katavi kwa kupitia kusini unapita Mikumi, unapanda Kitonga, Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, halafu ndiyo unashuka mbugani. Ni zaidi ya kilometa 1,000 kwenda tu. Aliyewahi kupanda Mlima Kitonga nyuma ya lori la mizigo anajua ninachosema: gia ya pili, kona baada ya kona, mwendo wa konokono na jua la mchana juu ya boneti. Sasa injini ya 1KZ-TE ina sifa moja ambayo fundi yeyote wa Prado atakuambia kabla hujakaa: haisamehe kuchemka. Ikichemka sawasawa, silinda hedi inapasuka. Hedi ikipasuka Kitonga, lile hema zuri litakufaa sana, maana utalala hapo hapo.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza inakwenda kwenye rejeta. Isafishwe, au ibadilishwe ikiwa imeziba. Hosi zote mpya, thamostati mpya, feni ikaguliwe, na geji ya joto inayosema kweli, kwa sababu ile ya kwenye dashibodi mara nyingi inapanda wakati mambo yameshaharibika. Hakuna atakayepiga picha rejeta yako. Najua.

Halafu uzito. Hapa ndipo maduka ya vifaa hayapendi uulize. Kila gari lina uzito wa juu kabisa lililoruhusiwa na mtengenezaji. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho haki yako ya kubeba, na humo wamo abiria, maji, mafuta, hadi mkungu wa ndizi mlionunua njiani. Kwa magari mengi ya aina ya Prado haki hiyo ni kati ya kilo 600 na 700 na ushee. Sasa piga hesabu ya lile gari la Mwenge: hema kilo 60, bampa la chuma 50, winchi na waya wake 35, betri ya pili 20, friji iliyojaa 40, madumu mawili ya dizeli karibu 40, maji lita 40 ambayo ni kilo 40 kamili. Umeshakaribia kilo 300 na hajapanda mtu. Weka vijana wanne wa kilo 70 na 75, mabegi, jiko, sufuria, chakula cha wiki. Umemaliza haki yako, umeanza kukopa. Na unayemkopa ni breki, springi na matairi.

Mbaya zaidi ni pale uzito huo unapokaa. Kilo 60 sakafuni na kilo 60 juu ya paa si kitu kimoja. Mzigo ukipanda juu, gari linayumba kwenye kona na linapinduka kwa mwendo ambao jana lingepita salama. Ndiyo maana watengenezaji wanaweka kikomo cha paa. Suzuki Jimny, kagari ambako vijana wengi wanakapenda siku hizi (hata mimi, sikatai), kikomo chake cha paa kwenye kitabu cha mtengenezaji ni kilo 30. Thelathini! Na humo ni pamoja na keria yenyewe. Hema la kawaida la juu ya paa ni kati ya kilo 50 na 80. Muuzaji atakuambia, "Lakini mbona watu wawili wanalala humo na paa halibonyei?" Ni kweli, gari likiwa limesimama paa linabeba zaidi. Kikomo kile ni cha gari linalotembea, linaloruka matuta na kukata kona. Muuzaji mjanja hatakutenganishia hayo mawili.

Mimi ni ripota. Nimeandika habari za ajali nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Sijawahi hata siku moja kuandika kwamba gari lilipinduka kwa kukosa friji. Lakini "tairi la mbele kupasuka" nimeiandika mpaka vidole vinaijua vyenyewe, havihitaji kichwa.

Ndiyo maana shilingi ya pili ni matairi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu elimu hii ni ya bure. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwisho wa mfululizo ule kuna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2317, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Hata kama lina meno marefu na linang'aa kwa dawa, mpira wake umezeeka kama ulivyozeeka wewe. Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 litoke hata kama linaonekana zima. Nenda na tochi Gerezani, chuchumaa, soma. Muuza tairi akikasirika umeshapata jibu lako.

Pamoja na matairi, nunua kipima upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Hivi viwili vinakutoa kwenye mchanga kuliko winchi. Tairi lililojazwa upepo 35 ukilishusha hadi 18 linatanda, linakanyaga eneo refu zaidi, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ukirudi kwenye njia ngumu unajaza tena, usije ukakimbia kwa lami na tairi laini. Ongeza koleo. Koleo la kawaida la ujenzi, halihitaji kuandikwa "off-road" ili lichimbe.

Kamba ya kuvutia nayo usiinunue kwa rangi. Na mkisahau yote ya leo, msisahau hili: usifunge kamba kwenye lile tufe la chuma la kukokotea tela. Tufe lile limetengenezwa kubeba tela linalobingirika taratibu. Gari likiwa limezama na lingine likavuta kwa nguvu, linakatika na kuruka kama kombora, linapita kioo cha nyuma. Australia, kwenye mashabiki wengi wa mambo haya, watu wamekufa hivyo. Funga kwenye ndoano iliyoshikana na chesesi, na wote mnaotazama mkae mbali.

Sasa binamu anasema, "Na simba je? Utalala chini?" Ndiyo, nitalala chini. Pale Seronera, katikati ya Serengeti, kuna kambi za umma ambako makampuni ya utalii yanalaza wageni kwenye mahema ya chini msimu mzima, na fisi wanapita katikati kama walinzi wa zamu. Unafunga zipu, huweki chakula ndani ya hema, hutoki ovyo usiku. Hema la chini lina faida nyingine ambayo watu wa paa wanaigundua siku ya pili: saa kumi na moja alfajiri ukitaka kwenda kuwatazama viboko, unaliacha hema lako limesimama unaondoka. Mwenye hema la paa kwanza anabomoa nyumba ndipo atoke na gari.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Kwenye hifadhi zetu kiingilio cha raia ni cha shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na dola anazolipa mgeni. Mlango upo wazi. Halafu sisi wenyewe tunajijengea mlango mwingine mbele yake, tunaupa bei, nao una VAT ya asilimia 18 juu ya ushuru wa forodha. Hivi nani ametuambia safari ni mali ya mashangingi? Barabara ya Sumbawanga kwenda Mpanda inakatiza ndani ya Katavi, na mabasi ya abiria yanapita hapo na mama zetu na kuku wao. Na mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva aliyekuwa anaishi hapa kwetu Tanzania, alishinda East African Safari mara mbili mfululizo, mashindano yaliyokuwa yanaua magari kwa tope na mawe, akiwa na Peugeot 404. Saluni! Inayosukumwa na matairi ya nyuma tu. Sawa, iliandaliwa na mafundi na yeye alikuwa bingwa, lakini maandalizi yenyewe hayakuwa kulijaza vitu, ilikuwa kuhakikisha kila kilichomo kinafanya kazi.

Kwa hiyo orodha yangu niliyompelekea binamu ni hii: rejeta na ndugu zake, matairi matano, shokapu nne, pampu, koleo, kamba, sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu vya kutosha kuzuia damu, na mtungi wa gesi wa kilo 6 tunaoutumia nyumbani. Maji tutabeba kwenye yale madumu ya njano ya mafuta ya kula, sakafuni, nyuma ya viti vya mbele. Hema nimepewa ahadi ya kuazima.

Binamu ameisoma, amekaa kimya siku mbili. Jana usiku katuma ujumbe: anakubali matairi, anakubali rejeta, ila anaomba walau taa moja ya LED. Nimemjibu tutaona kitakachobaki. Jumamosi saa mbili tupo Gerezani, tochi ninayo.