Maradhi Yasiyo na Jina: Moyo wa Mzazi na Wajibu wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo mgonjwa hayafichi, bali lugha ndiyo iliyoyafunika. Mojawapo ni udhaifu wa moyo unaowapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa ujauzito au katika miezi michache baada ya kujifungua. Misuli ya moyo hulegea, ikashindwa kusukuma damu ya kutosha. Miguu huvimba, pumzi hupaa, na kikohozi huzidi mgonjwa anapolala chali.

Aghalabu dalili hizi hudhaniwa kuwa ni hali ya kawaida ya uzazi. Mama wa Kombewa, kandokando ya Ziwa Viktoria, akilalamikia uchovu, ni rahisi kuambiwa kwamba ndio ulezi. Kiswahili nacho huzidisha utata: moyo ni kiungo cha mwili na pia makao ya hisia. Hufa, huvunjika, hupigwa konde. Anayesema moyo umemshinda husikika kama aliyekata tamaa, si kama mgonjwa.

Kombewa si ngeni kwa sayansi. Kuanzia mwaka wa 2009 ilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka wa 2021. Malaria ina jina linalojulikana na kila mzazi. Udhaifu huu wa moyo hauna.

Ni kweli kwamba istilahi haitibu. Ugonjwa huu huthibitishwa kwa picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na mashine hizo ni haba mashambani. Lakini mama hafikishwi penye mashine iwapo hakuna aliyeshuku. Wengi wanaogunduliwa mapema hupata nafuu kwa dawa. Asiyegunduliwa huenda akashika mimba nyingine bila kuonywa kuwa moyo waweza kulegea tena.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika ibara ya 7, na haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi, katika ibara ya 43. Ibara hizi mbili hukutana kliniki. Yafaa basi wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wauguzi kusanifu istilahi, pengine "udhaifu wa moyo wa uzazi", na kuifasiri kwa Kidholuo. Pamoja na jina hilo, liandaliwe swali jepesi la kuulizwa kila mzazi: "Mama, usiku unaweza kulala chali bila pumzi kukukatika?"