Shofere, ingia chini ya tela
Malori yanayotoa shaba na kobalti Kolwezi hupita Likasi na Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa, na tela lote na mzigo wake, tani kwa tani, huvutwa kwa pini moja ya chuma yenye unene wa milimita 50 hivi, iliyobanwa na taya za sahani iliyo mgongoni mwa kichwa cha lori. Hatari kubwa huanzia uwanjani pa kuunganishia kichwa na tela. Tela likiwa limeinuliwa mno kwa miguu yake, pini hupanda juu ya taya badala ya kuingia ndani; shofere husikia kishindo, akaamini imeshika, kumbe imeegemea tu. Kishindo si ushahidi hata kidogo. Funga breki za tela, vuta mbele polepole, kisha shuka na tochi, uinamishe kichwa hadi uone kwa macho yako taya zimeizunguka pini, mkono wa kufungia umerudi mahali pake, na hakuna mwanga unaopenya kati ya sahani na tela. Grisi iliyochanganyika na vumbi jekundu la kiangazi husaga chuma kama msasa, kwa hiyo ifutwe, ipakwe mpya. Barabara hiyo ya Kolwezi hadi Kasumbalesa tunaitumia sote, na ajali ya lori la asidi karibu na Tenke, Februari 2019, iliua watu zaidi ya kumi. Nawasihi wenye malori: msimhimize shofere aondoke kabla hajaingia chini ya tela.