Mimba za mapema: jina moja, mambo tofauti

Kila matokeo ya utafiti wa afya yanapotangazwa, magazeti yetu hujaa vilio kuhusu wasichana wanaoshika mimba kabla ya kutimiza miaka 20. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba nchini Kenya, asilimia 15 ya wasichana wa kati ya miaka 15 na 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Wastani huo huficha mengi. Katika kaunti ya Samburu kiwango kilikuwa asilimia 50, na Pokot Magharibi 36, ilhali Nyeri na Nyandarua hakikuzidi 5. Haya yote yamo ndani ya nchi moja yenye sheria moja.

Jawabu jepesi ambalo hutolewa aghalabu ni maadili: kwamba vijana wa mahali fulani wamepotoka kuliko wa kwingine. Lau hoja hii ingekuwa kweli, Uholanzi, ambako mambo ya jinsia huzungumzwa waziwazi darasani na hata wazazi wakiwa mezani na watoto wao, ingekuwa miongoni mwa nchi za kwanza kwa mimba hizi. Sivyo. Huko, katika kila wasichana 1,000 wa umri huo, wanaojifungua kwa mwaka hawafiki watano. Nchini Marekani walikuwa wapatao 62 mwaka wa 1991, na ingawa idadi imeshuka mno, mwaka wa 2022 walikuwa bado karibu 14. Hii ndiyo nchi ambayo mwaka wa 1996 ilitenga fedha za serikali kuwafunza vijana kujizuia hadi ndoa. Vijana wa mataifa haya mawili huanza kujamiiana katika umri unaokaribiana. Wanachotofautiana ni wepesi wa kuzipata na kuzitumia njia za kuzuia mimba, na vilevile pengo kati ya tajiri na maskini, ambalo Marekani ni pana zaidi.

Msomaji mwepesi wa kuamua atasema basi dawa ni uwazi. Asubiri kidogo. Japani na Korea Kusini hazisifiki kwa uwazi wa aina hiyo, na viwango vyao ni vya chini kabisa. Vijana wa huko huanza mahusiano wakiwa wamechelewa, na takriban wote humaliza shule ya upili.

Hapa ndipo taaluma yangu ya isimu inaponisukuma niulize: tunaposema mimba ya mapema, ni mapema kwa nani? Nchini Niger, wasichana wapatao watatu katika kila wanne huolewa kabla ya miaka 18. Kwa mama mkwe anayesubiri mjukuu, mimba ya bibi arusi wa miaka 16 haikuja mapema hata kidogo, labda imechelewa. Jina moja, basi, limebandikwa juu ya mambo mawili: mimba ambayo ukoo mzima uliitazamia, na mimba ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaificha chini ya sweta. Somo la kujiepusha na wavulana linalomfaa huyu wa pili halimsaidii msichana ambaye ng'ombe wa mahari yake wamekwisha kuingia zizini, hata kama Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri wa kuolewa kuwa miaka 18.

Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta kwamba miongoni mwa wasichana wasiosoma kabisa, wanne katika kila kumi walikuwa wamewahi kushika mimba. Naam, mimba nayo humtoa msichana shuleni, kwa hiyo sababu na matokeo yamesokotana hapa. Hata hivyo, mahali ambapo shule iko mbali na karo ni mzigo, ndoa ndiyo njia pekee iliyo wazi mbele ya msichana.

Tazama pia vitenzi vyetu. Msichana "amepata" mimba, kama apataye homa. Au "amepachikwa", na sentensi ikaishia hapo. Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda asitajwe. Takwimu nazo zina sarufi hiyohiyo: huhesabu wasichana tu. Ilhali kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, msichana akiwa chini ya miaka 18, mtenda huyo asiyetajwa ni mshukiwa wa uhalifu.

Kenya imewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni tangu 1994. Tanzania iliondoa marufuku yake mwaka wa 2021. Mwongozo wa Wizara ya Elimu yetu wa 2020 unaeleza jinsi ya kumrejesha mama huyo mchanga darasani. Kuhusu mwanamume, mara nyingi wazee hukutana, mbuzi au fedha zikatolewa, na kesi ikakosa shahidi.